Bosnia, Kroatia au Uhispania: Ukanda wa Ziwa Uige Muundo Upi wa Upandikizaji wa Viungo?

Kaunti za magharibi mwa Kenya zinapojadili huduma za figo, mazungumzo huelekea haraka kwenye majengo na mashine: nani apewe kitengo kipya cha kusafisha damu, vitanda viwe vingapi, na gavana yupi atakata utepe. Swali la muundo, yaani ofisi ipi itashika orodha ya wagonjwa wanaosubiri, mfuko upi utalipa, na sheria ya nani itatumika mgonjwa anapovuka mpaka wa kaunti, huachwa mwisho kana kwamba litajijibu lenyewe. Zipo nchi zilizojibu swali hilo mezani pa amani, baada ya vita, bila hata kufikiria kwamba zinaamua hatima ya wagonjwa wa figo. Hapa zinawekwa sambamba ili msomaji wa Kisumu, Nakuru, Kakamega au Homa Bay anayeitwa kutoa maoni katika kikao cha ushirikishwaji wa umma, au anayeketi kwenye bodi ya hospitali, ajue anachochagua anaposema afya ibaki kaunti au irudi Nairobi.

Kenya haikupigana vita vya miaka, lakini muundo wake wa sasa ulizaliwa na damu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua watu zaidi ya 1,100, na Nakuru, Naivasha, Eldoret na Kisumu zilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia zaidi. Makubaliano ya kitaifa yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, katiba mpya ikazinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, na baada ya uchaguzi wa 2013 kaunti 47 zikaanza kazi. Jedwali la Nne la katiba hiyo liligawa afya kwa maneno machache mno: sera na hospitali za rufaa za kitaifa zikabaki kwa serikali kuu, huku hospitali za kaunti, ambulensi na afya ya msingi zikihamia kwa magavana. Kwa hiyo afya ilikuwa sehemu ya bei ya amani, na ndiyo sababu mtu akipendekeza kazi yoyote ya afya irudi Nairobi huonekana haraka kuwa anataka kurudisha enzi za zamani.

Upandikizaji hupima muundo wa nchi kuliko huduma nyingine nyingi za hospitali, kwa kuwa hauwezi kufungiwa ndani ya mipaka ya hospitali moja. Mtoaji anaweza kuwa Migori na anayelingana naye kwa damu na tishu akawa Bungoma. Figo iliyotolewa kwa mtu aliyefariki huweza kukaa kwenye barafu kwa takriban siku moja. Moyo hauvumilii zaidi ya saa nne hadi sita. Katika muda huo lazima maabara, daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi, familia ya marehemu, ambulensi, daktari wa upasuaji na mlipaji wote wakubaliane, na kila mpaka wa kiutawala unaoongezwa katikati yao hula saa.

Bosnia: kila upande na wizara yake

Vita vya Bosnia na Herzegovina vilianza Aprili 1992 na kukomeshwa na makubaliano yaliyofikiwa Novemba 1995 katika kambi ya jeshi la anga karibu na mji wa Dayton, Marekani, kisha kutiwa saini Paris tarehe 14 Desemba mwaka huo. Kiambatisho cha nne cha makubaliano hayo ndicho katiba ya nchi hadi leo. Nchi iligawanywa katika pande mbili zenye mamlaka yake, Shirikisho lililopewa asilimia 51 ya ardhi na Republika Srpska iliyopewa asilimia 49. Shirikisho lenyewe lina majimbo kumi, na wilaya ya Brčko ikatengwa peke yake baadaye kwa uamuzi wa wasuluhishi, kwa sababu hakuna upande uliokubali kuuachia mwingine.

Katiba hiyo haikuitaja afya miongoni mwa kazi za serikali kuu. Matokeo yake, nchi yenye watu wapatao milioni 3.5 kwa sensa ya 2013 ina mamlaka 13 za afya: wizara moja ya Shirikisho, moja ya Republika Srpska, kumi za majimbo na idara ya Brčko, huku wizara ya serikali kuu inayoshughulikia masuala ya kiraia ikiwa na kazi ya kuratibu tu. Bima ya afya nayo imekatwa kwa mipaka hiyohiyo. Anayeishi jimbo moja na kutaka kutibiwa katika jimbo jingine huhitaji idhini ya mfuko wake, na wengi waliorudi kwenye makazi yao ya kabla ya vita, ambayo sasa yako upande ambao wao ni wachache, wameendelea kuvuka kwenda upande wa pili kutafuta matibabu.

Haifai kudhani kwamba madaktari wa huko hawajui kazi. Hospitali ya chuo kikuu mjini Tuzla ilianza kupandikiza figo mwaka 1999, miaka minne tu baada ya vita, jambo ambalo hospitali nyingi za nchi zisizojua vita hazijathubutu. Kasoro iko juu yao. Sheria za upandikizaji zilitungwa na kila upande kivyake. Nchi haimo katika Eurotransplant, mtandao wa nchi nane za Ulaya unaogawana viungo ambao makao yake yako Leiden, Uholanzi. Na sehemu kubwa ya figo zinazopandikizwa hutoka kwa ndugu walio hai. Ndugu aliye hai hahitaji wizara mbili zielewane. Mtoaji aliyefariki anahitaji hilo kabla hata chumba cha upasuaji hakijawashwa taa.

Tukio la mwaka 2013 linaonyesha gharama ya muundo huu kuliko takwimu yoyote. Mahakama ya Katiba ilikuwa imeamua mwaka 2011 kwamba vifungu fulani vya sheria ya namba za utambulisho vinakiuka katiba, ikalipa bunge muda wa kuvirekebisha. Wabunge hawakuelewana. Upande mmoja ulitaka namba hizo zifuate mpaka kati ya pande mbili za nchi, na upande mwingine haukutaka mpaka huo uandikwe kwenye namba ya mtoto. Februari 2013 vifungu hivyo vikakoma, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wakakosa namba. Bila namba hakuna pasipoti. Miongoni mwao alikuwa mtoto mchanga aliyehitaji kupelekwa Ujerumani kupandikizwa seli za uboho. Juni 2013 wananchi walilizingira bunge mjini Sarajevo, wakashikana mikono kulizunguka, hadi serikali ikaruhusu namba za muda. Mtoto mwingine aliyekuwa akihitaji matibabu nje ya nchi alifariki mwezi huohuo, na kifo chake kikazidisha hasira.

Mkenya asicheke sana. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, usajili hufungamana na kitambulisho cha taifa, na wiki za mwanzo wagonjwa wa kusafishwa damu katika hospitali kadhaa waliambiwa walipe fedha mkononi kwa kuwa mfumo mpya ulikuwa haujasimama. Hakuna aliyekusudia kumnyima mgonjwa wa figo kitanda chake cha Jumanne na Ijumaa. Waliokusudia mambo mengine makubwa walimsahau tu.

Kroatia: ofisi moja, na hospitali inayotoa hulipwa

Kroatia ilitoka katika dola ileile ya Yugoslavia na ikapigana miaka ileile, kuanzia 1991 hadi 1995. Novemba 1991, baada ya mji wa Vukovar kuanguka, watu zaidi ya 200 walichukuliwa hospitalini humo na kuuawa. Eneo la mashariki lilibaki chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa hadi Januari 1998. Watu wake ni milioni 3.9 kwa sensa ya 2021, karibu sawa na wa Bosnia. Kwa mtu anayetafuta mizani ya haki, ni vigumu kupata nchi mbili zinazofaa kulinganishwa kuliko hizi.

Tofauti kubwa ni kwamba Kroatia ilitoka vitani ikiwa dola moja yenye wizara moja ya afya na mfuko mmoja wa bima. Sitaki kuupamba muundo huo, kwa maana umoja wake ulipatikana pia kwa ushindi wa kijeshi na kwa kuondoka kwa Waserbia wengi waliokuwa raia wake. Anayeuiga haigi usafi. Lakini kwa upande wa viungo, umoja huo ulitumiwa vizuri. Mwaka 2000 aliteuliwa mratibu wa taifa wa upandikizaji, na hospitali zikawekewa waratibu wao. Sheria ya huko humhesabu mtu kuwa amekubali kutoa viungo baada ya kifo kama hakuandikisha pingamizi akiwa hai. Mwaka 2007 nchi ikaingia Eurotransplant, kabla hata ya kukubaliwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2013.

Hatua iliyoleta mabadiliko, kwa maoni yangu, ni ile isiyosifiwa sana: hospitali iliyomtunza mtoaji ilianza kulipwa gharama zake. Hebu fikiria hali ilivyo bila malipo hayo. Mgonjwa amekufa ubongo kwa ajali ya barabarani. Hospitali ndogo ya wilaya inaombwa imshikilie kwenye mashine ya kupumulia kwa saa kadhaa zaidi, itumie dawa, vipimo na wauguzi, kisha figo ziende hospitali kubwa ya mji mkuu ambayo ndiyo itakayopigwa picha. Hata mganga mwema atasita. Kroatia ilipoondoa hasara hiyo, hospitali ndogo ziliacha kuficha watoaji wao.

Matokeo yanapimika. Mwaka 2000 nchi ilikuwa na watoaji waliofariki wasiofika watatu kwa kila watu milioni moja. Mwaka 2011 walikuwa zaidi ya 33, na Kroatia ikahesabiwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani. Kufikia mwaka 2011 orodha ya wanaosubiri figo ilikuwa imeshuka kutoka watu 430 hadi 270, na muda wa kawaida wa kusubiri ukapungua kutoka miezi 46 hadi 24. Ng'ambo ya mto Sava, jirani yake Bosnia hakukaribia hapo.

Msomaji anayependa serikali kuu yenye nguvu ataishia hapa na kusema jibu limepatikana: rudisha upandikizaji wote Nairobi. Ningemwomba asubiri.

Uhispania: nchi iliyogatua na bado ikaongoza

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Uhispania viliisha mwaka 1939 na kuacha utawala wa mtu mmoja uliodumu hadi Franco alipofariki mwaka 1975. Katiba ya 1978 ilijibu historia hiyo kwa kugawa madaraka kwa mikoa 17 yenye kujitawala, na kufikia mwaka 2002 mikoa yote ilikuwa ikiendesha huduma zake za afya. Kimuundo, huu ndio mfano unaofanana na Kenya zaidi: mamlaka yametawanywa kwa sababu za kisiasa, Wakatalani na Wabasque hawapendi kuamriwa na Madrid, na migogoro ya fedha kati ya mji mkuu na mikoa haiishi. Hata hivyo Uhispania imeongoza dunia katika utoaji wa viungo kwa miaka mingi, ikitoka watoaji 14 kwa kila milioni mwaka 1989 hadi kupita 40 miaka ya karibuni.

Siri haimo katika sheria ya kudhania ridhaa, ingawa wanayo tangu 1979. Kwa vitendo familia huulizwa daima, na ikikataa hakuna kinachochukuliwa. Mwaka 1989 liliundwa shirika la taifa la upandikizaji, ONT, ambalo halimiliki hospitali hata moja wala haliamuru mkoa wowote. Linafanya mambo machache: linashika orodha na kugawa viungo, linafundisha waratibu, linakagua na linatangaza matokeo. Chini yake kuna mratibu wa kila mkoa, na chini zaidi mratibu wa kila hospitali, ambaye kwa kawaida ni daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi anayefanya kazi hiyo pamoja na nyingine zake. Waratibu wa mikoa huketi na wa taifa kwenye tume moja na kuamua pamoja. Mkoa unabaki na hospitali zake, bajeti yake na fahari yake. Orodha peke yake haigawanywi.

Kwa hiyo ugatuzi wenyewe hauna hatia. Bosnia na Uhispania zote zimegawa afya, na moja imekwama huku nyingine ikiongoza. Bosnia iligawa hadi vile vitu vichache ambavyo vikigawanywa hufa.

Kosovo, na kilichosikika Eldoret

Ipo njia ya nne ambayo hakuna anayeichagua kwa kura, nayo hujichagua yenyewe pale muundo unapokuwa dhaifu: soko. Baada ya vita vya 1998 na 1999, Kosovo iliongozwa na Umoja wa Mataifa, ikajitangazia uhuru Februari 2008, na ikawa na mahakama, polisi na wizara ambazo hakuna aliyejua vizuri nani anawajibika kwa nani. Novemba 2008 polisi walivamia zahanati moja ya binafsi mjini Pristina baada ya kijana kutoka Uturuki kukutwa taabani uwanja wa ndege, figo yake ikiwa imeondolewa. Waendesha mashtaka walisema watoaji, watu maskini kutoka nchi kadhaa, waliahidiwa hadi euro 15,000, na wapokeaji walilipa hadi euro 100,000. Aprili 2013 mahakama iliyokuwa na majaji wa Umoja wa Ulaya iliwatia hatiani watu watano.

Aprili 2025 jambo la kufanana na hilo lilisikika karibu zaidi. Vyombo vya habari vya Ujerumani vilieleza madai ya biashara ya figo yaliyohusishwa na hospitali moja ya binafsi mjini Eldoret, ambapo vijana wenye shida ya fedha walisemekana kuuza figo kwa wageni. Hospitali ilikanusha. Wizara ya Afya ilisimamisha upandikizaji hapo na kuunda kamati ya uchunguzi. Haya ni madai, na yabaki kuwa madai hadi vyombo vya sheria vimalize kazi yake. Kinachohusu ulinganisho huu ni kwamba swali la kwanza lililoulizwa na umma, ni nani hasa aliyekuwa na wajibu wa kukagua, halikupata jibu la ofisi moja. Kaunti ilikuwapo, wizara ilikuwapo, baraza la madaktari lilikuwapo, na Sheria ya Afya ya 2017 ina sehemu nzima juu ya viungo vya mwanadamu na ridhaa ya mtoaji. Uhispania swali hilo lingejibiwa kwa simu moja.

Wengine watauliza kuhusu Rwanda, kwa kuwa wagonjwa wetu wanaijua na wanasiasa wetu hupenda kuitaja. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ilijenga serikali kuu yenye mkono mrefu, ikaanza na bima ya jamii iliyofika kwa watu wengi mno vijijini, na upandikizaji wa figo ukaja baadaye sana, mwaka 2023, katika Hospitali ya King Faisal mjini Kigali. Somo la mpangilio wa hatua, bima kwanza na upasuaji baadaye, linafaa kuchukuliwa. Muundo wenyewe hauwezi kuhamishiwa katika nchi ambayo kila kaunti ina bunge lake, mahakama huifuta mipango ya serikali, na gavana anaweza kukataa kutia saini.

Uwanja wetu ulivyo

Magharibi mwa Kenya si uwanja mtupu. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret ni ya serikali kuu na imepandikiza figo kwa miaka mingi, zote zikitoka kwa watoaji walio hai. Kisumu ina hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wa mji bado huiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti; ni hospitali hiyohiyo ambayo uzinduzi wake mwaka 1969 uliishia kwa risasi na vifo, na mji haujasahau. Kwa zaidi ya miaka kumi ilikuwa mikononi mwa kaunti, kisha mwaka 2025 ikapandishwa kuwa hospitali ya rufaa ya kitaifa. Nakuru ina hospitali kubwa ya kaunti, iliyo njiani kati ya Eldoret na Nairobi, kwenye barabara kuu ambayo ajali zake zinajulikana. Kaunti za ukanda wa ziwa kwa pamoja zina watu wengi kuliko Bosnia na Kroatia zikijumlishwa, na tayari zina jumuiya yao ya kiuchumi yenye sekretarieti Kisumu.

Tumeshajaribu, kwa kiasi, njia ya serikali kuu kuamua peke yake. Mwaka 2015 mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu ulipeleka mashine, zikiwamo za kusafisha damu, katika hospitali mbili za kila kaunti, na kila kaunti ikakatwa kwanza shilingi milioni 95 kwa mwaka, baadaye milioni 200. Faida yake haikanushiki: mgonjwa wa Homa Bay au wa Kakamega ambaye zamani alisafiri hadi Eldoret au Nairobi mara mbili kwa wiki alipata mashine karibu na nyumbani. Lakini magavana walilalamika kwamba hawakuulizwa, baadhi ya mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa maji, umeme wa uhakika au wafanyakazi, na suala lote likaishia mbele ya kamati ya Seneti mwaka 2020. Kroatia ilikuwa na wizara moja iliyoanza na waratibu na malipo. Sisi tulianza na mashine na mkataba.

Njia ya kaunti peke yake tunaijua pia. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na wa wauguzi mwaka 2017 ukachukua miezi mitano hivi, sehemu ya ugomvi ikiwa ni nani mwajiri na nani alitia saini ahadi ya mishahara. Aliyepandikizwa figo anatakiwa kumeza dawa za kuzuia mwili usiikatae kila siku maisha yake yote, na kupimwa damu kwa ratiba. Kliniki ikifungwa miezi mitano, figo haisubiri upatanisho.

Uchaguzi wenyewe

Anayejali zaidi kasi, na yuko tayari kuachia Nairobi mamlaka, ataipenda Kroatia, na hana kosa. Ila akumbuke kwamba Kroatia ni ndogo kuliko uliokuwa mkoa wa Nyanza na Magharibi kwa idadi ya watu, na kwamba kwa Kenya njia hiyo ingehitaji kubadili au kukwepa Jedwali la Nne, vita vya kisiasa vitakavyochukua miaka huku wagonjwa wakisafishwa damu. Anayejali zaidi kwamba rasilimali zibaki karibu na watu, na anayehofia kuiona Kisumu ikirudi kuomba Nairobi, atavutwa na njia ya kila kaunti na kitengo chake. Huyo ndiye namwomba asome tena habari za Bosnia, kwa sababu huko kila upande ulipata ulichotaka na mgonjwa akakosa.

Mimi ningechagua Uhispania, na si kwa sababu iko katikati. Ni muundo pekee kati ya hii ambao unaweza kuanza bila kugusa katiba. Wizara tayari ina huduma ya taifa ya damu na upandikizaji, ambayo inaweza kupewa kazi finyu za aina ya ONT: orodha, mafunzo, ukaguzi na kutangaza matokeo, bila kumiliki kitanda hata kimoja. Jumuiya ya ukanda wa ziwa inaweza kuwa na mratibu wake wa eneo, pamoja na Nakuru ikitaka kujiunga, ingawa kwa jiografia Nakuru huenda ikaelekea Nairobi kwa baadhi ya mambo na Eldoret kwa mengine. Kila hospitali yenye chumba cha wagonjwa mahututi inaweza kumteua daktari mmoja kuwa mratibu. Hizi ni posho, mafunzo na simu, ambazo ni nafuu mno kuliko jengo.

Ugumu uko katika mambo mawili. La kwanza ni kutoka kwa mtoaji aliye hai kwenda kwa aliyefariki. Katika jamii zetu za ziwa na za vilima vya Kisii na Maragoli, mwili wa marehemu una safari yake, una ardhi unayosubiriwa, na wazee wana neno. Sidhani kwamba sheria ya kudhania ridhaa ingepita hapa, na hata ingepita isingefaa. Uhispania yenyewe huuliza familia. Kazi hiyo itafanywa na mtu aliyefundishwa kukaa na familia usiku wa msiba kwa Kijaluo, Kiluhya, Kigusii au Kiswahili, asiye daktari wa upasuaji anayeisubiri figo, na itachukua miaka. Kwa sasa wengi wataendelea kupewa figo na dada, mume au mtoto mzima, na harambee itaendelea kuziba pengo la gharama, hivyo ulinzi wa mtoaji aliye hai ndio wa kutangulia.

La pili ni malipo. SHA ina mfuko wa bima ya afya ya jamii na mwingine wa dharura, maradhi sugu na mahututi, na mfanyakazi mwenye mshahara huchangia asilimia 2.75. Fedha za upandikizaji zinapojadiliwa, hesabu huelekezwa kwa mpokeaji na upasuaji wake. Kwa mfano wa Kroatia, yapo malipo mengine matatu ya kudai kwenye kikao kijacho cha maoni, yakiandikwa kwa shilingi: ya kumfuatilia mtoaji aliye hai kwa miaka baada ya upasuaji, katika hospitali iliyo karibu na kwake hata kama ni ya kaunti nyingine, ya dawa za mpokeaji kufika Siaya au Vihiga bila kumrudisha Eldoret kila mwezi, na ya kitanda cha wagonjwa mahututi katika hospitali ya kaunti siku itakayoombwa kumshikilia mtoaji aliyefariki kwa ajili ya mtu wa kaunti nyingine. Mwakilishi wadi akiulizwa kuhusu hilo la tatu na akajibu kwamba mpango wa jengo jipya unaendelea vizuri, arudishwe kwenye swali.